WALOWEZI WALIPOMGEUKA MFALME: UHURU WA MAREKANI NA JINSI SERIKALI YAO ILIVYOUNDWA

Nilipotaja kichwa cha makala haya mkutanoni, kuna walioangua kicheko wakauliza, "Chama cha Kiswahili na Marekani, wapi na wapi?" Swali zuri. Kiswahili si lugha ya kutegea vitendawili na kutungia mashairi peke yake. Katika kidato cha nne, somo la Historia na Serikali hututaka tujue kazi za Rais wa Marekani, Bunge lake na Mahakama yake ya Juu. Wengi wetu huzimeza kazi hizo kama dawa chungu, bila kujua vyombo vyenyewe vilizaliwa vipi wala kwa uchungu gani. Isitoshe, jambo ulilosoma kwa Kiingereza, ukijaribu kulieleza kwa Kiswahili, papo hapo utajua kama umelielewa au umelikariri tu. Jaribuni muone.

Kwanza tulisafishe neno moja. Sisi tukisema "mkoloni" twamaanisha yule aliyetoka ng'ambo akaja kututawala. Tukisema "mlowezi" twamfikiria yule aliyekatiwa mashamba kule nyanda za juu, na mababu zetu wakageuzwa vibarua kwenye ardhi yao wenyewe. Basi mwanafunzi akisoma kwamba makoloni ya Marekani yalipigania uhuru, hudhani kuwa wenyeji wa kule waliwafukuza Waingereza, kama Mau Mau walivyoingia msituni. La hasha! Waliopigania uhuru ule walikuwa walowezi wenyewe. Ni wana na wajukuu wa Waingereza, pamoja na Waskoti, Wajerumani, Waholanzi na wengineo, waliomgeuka mfalme. Wenyeji wa asili walikuwa wakizidi kusukumwa kutoka kwenye ardhi yao, na Waafrika waliokuwa kule, karibu wote, walikuwa watumwa. Tukilishika jambo hili tangu mwanzo, mengine yatatunyookea.

CHANZO CHA UGOMVI

Makoloni yalikuwa 13, yamepangana kwenye pwani ya bahari ya Atlantiki kutoka New Hampshire kaskazini hadi Georgia kusini. La kwanza lilikuwa Virginia, ambako Waingereza walijenga Jamestown mwaka 1607. Kufikia 1775 watu wa makoloni hayo walikaribia milioni mbili na nusu, na katika kila watu watano mmoja alikuwa Mwafrika.

Kila koloni lilikuwa na gavana, wengi wao wakiteuliwa na mfalme, lakini pia lilikuwa na bunge lake dogo lililochaguliwa na wanaume wenye mali. Virginia walikuwa na bunge tangu 1619. Bunge hilo ndilo lililopanga kodi. London ilikuwa mbali, safari ya meli ilichukua wiki nyingi, na kwa zaidi ya miaka mia moja walowezi wakazoea kujiendeshea mambo yao. Mtoto akizoea kufungua kabati la sukari mwenyewe, siku utakayoleta kufuli lazima muonane ubaya.

Kufuli lililetwa na vita. Uingereza ilipigana na Ufaransa kwa miaka saba, ikashinda mwaka 1763 na kuitwaa Kanada. Ushindi ulikuwa mtamu, lakini deni la serikali lilikuwa limekaribia kuongezeka maradufu. Wakubwa wa London wakafikiri hivi: tumewalinda walowezi, basi nao wachange. Tukisema kweli, hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mwingereza wa kawaida alikuwa akilipa kodi nyingi kuliko mlowezi wa Boston. Mwaka huo huo Mfalme George wa Tatu akapiga marufuku walowezi kuvuka milima ya Appalachia kwenda kujitwalia ardhi za wenyeji upande wa magharibi, kwa kuwa kila walipovuka vita vilizuka, na gharama ikairudia serikali yake. Wenye tamaa ya mashamba, George Washington akiwa mmoja wao, wakanuna.

Mwaka 1765 ikaja Sheria ya Stempu. Kila hati ya mahakama, kila gazeti, kila leseni, hata karata na dadu, lazima viwe na stempu ya serikali iliyolipiwa. Angalieni jinsi sheria hii ilivyokosa busara. Iliwakamata kwa pamoja mawakili, wachapishaji wa magazeti, wafanyabiashara na wenye vilabu vya pombe, yaani watu wenye midomo mirefu kuliko wote katika jamii yoyote! Kelele ikapigwa kila mahali. Hoja yao ilikuwa hii: hatuna mjumbe hata mmoja katika Bunge la London, na mali ya mtu haichukuliwi bila idhini yake au ya mtu aliyemchagua. Waingereza wakajibu kwamba kila mbunge huwakilisha raia wote wa mfalme popote walipo, wawe wamempigia kura au la. Jibu hilo walowezi walilitupilia mbali.

Wajumbe wa makoloni 9 wakakutana New York mwezi Oktoba kupinga, na wafanyabiashara wakasusia bidhaa za Uingereza. Wanawake wakatoa magurudumu ya kusokotea nyuzi, wakafuma vitambaa nyumbani ili wasinunue vya ng'ambo. Wasichana wenzangu, hapa tusipite mbio. Mgomo ule ungekufa mara moja kama wanawake wangeukataa, maana ndio waliotengeneza chai na kushona nguo. London ikashtuka, ikaifuta sheria mwezi Machi 1766. Lakini siku iyo hiyo ikapitisha nyingine iliyosema kwamba Bunge la Uingereza lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria yoyote ile. Yaani nakurudishia kalamu yako, lakini jua nikitaka nitaichukua tena.

Na kweli ikaichukua tena. Mwaka 1767 ushuru ukatozwa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na majani chai. Watu wakasusia tena, na askari wakapelekwa Boston. Tarehe 5 Machi 1770 umati uliwazunguka askari wachache, ukawatukana na kuwarushia mabonge ya theluji, nao wakafyatua risasi. Watu 5 walikufa. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia wa asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Askari wale waliposhtakiwa, wakili aliyesimama kuwatetea alikuwa John Adams, ambaye mwenyewe alipinga kodi za Uingereza! Askari 6 wakaachiliwa, 2 wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Adams baadaye akawa rais wa pili wa nchi hiyo. Siku hizi mtu akifanya vile ataitwa msaliti kabla jua halijatua.

Sasa tufike kwenye chai. London ilikuwa imeondoa ushuru wote isipokuwa wa majani chai. Mwaka 1773 ikairuhusu Kampuni ya India Mashariki, ambayo ilikuwa karibu kufilisika na maghala yake yamejaa tele, kuuza chai moja kwa moja Marekani. Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini walowezi walikasirika, atakwambia chai ilipandishwa bei. Sivyo. Chai ilishuka bei! Walichokataa ni kuhongwa chai rahisi ili waukubali ushuru ambao hawakuupitisha. Tena wafanyabiashara wa Boston, na wale wa chai ya magendo hasa, waliona riziki yao inakwenda na maji. Usiku wa 16 Desemba 1773, watu waliojifanya Wamohawk walipanda meli tatu bandarini wakapasua masanduku 342 na kumwaga majani chai yote baharini. Najua wenzangu mnaotoka Kericho na Nandi moyo umewauma.

London ikapandwa na hasira. Mwaka 1774 bandari ya Boston ikafungwa mpaka chai ilipwe, na watu wa Massachusetts wakapunguziwa uwezo wa kujitawala na kufanya mikutano yao ya miji. Nia ilikuwa kulitenga koloni moja ili mengine yaogope. Mambo yakaenda kinyume kabisa: mwezi Septemba makoloni 12 yakatuma wajumbe Philadelphia kwenye Kongamano la kwanza la pamoja. Tarehe 19 Aprili 1775, askari waliotumwa kuteka silaha mjini Concord wakakutana na wakulima wenye bunduki pale Lexington, na vita vikaanza.

TANGAZO NA WALIOACHWA NJE

Msidhani kwamba bunduki zilipolia kila mtu alitaka uhuru. Zaidi ya mwaka mzima wengi walisema wanapigania haki zao kama Waingereza, na mwezi Julai 1775 Kongamano lilimwandikia mfalme barua ya kuomba suluhu. Alikataa hata kuipokea. Januari 1776 Thomas Paine, mtu aliyekuwa amehamia kutoka Uingereza muda usiotimu miaka miwili, akatoa kijitabu chake Common Sense. Wasomi walikuwa wakibishana kwa Kilatini na vifungu vya sheria, yeye akaandika kwa lugha ya fundi na mkulima, akauliza faida ya kuwa na mfalme ni ipi hasa. Kijitabu kikasomwa kila pembe. Wanachama wa mijadala mpo? Msamiati mgumu haukushinda pale.

Kongamano likateua watu watano waandike tangazo: Thomas Jefferson, John Adams, Benjamin Franklin, Roger Sherman na Robert Livingston. Kalamu akapewa Jefferson, aliyekuwa na miaka 33. Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai 1776, na maneno ya tangazo yakapitishwa tarehe 4. Hiyo ya 4 ndiyo wanayoiadhimisha. Tangazo lina hoja, halafu mashtaka 27 dhidi ya mfalme, halafu uamuzi. Hoja yenyewe ndiyo iliyotikisa dunia: kwamba binadamu wote wako sawa, kwamba wana haki ambazo hakuna awezaye kuwapokonya, na kwamba serikali hupata uwezo wake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Ikigeuka jeuri, wenyewe wanaweza kuiondoa.

Lakini mwandishi wa maneno hayo alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Katika rasimu yake alimlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, na Kongamano likakifuta kifungu hicho, kwa kuwa wajumbe wa South Carolina na Georgia hawakukitaka, na hata kaskazini kulikuwa na waliotajirika kwa meli za watumwa. Wenyeji wa asili nao walitajwa katika mashtaka kama washenzi wasio na huruma. Kwa hiyo "wote" wale hawakuwa wote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaofananisha moja kwa moja uhuru huo na wetu wa 1963. Kuna tukio la hapa Afrika linalofanana nao zaidi, kwa sura. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru kutoka kwa Uingereza, na tangazo lao walilitunga kwa kuiga lile la Jefferson. Ila sehemu ya usawa wa binadamu waliiacha! Na hiyo ndiyo tofauti kubwa. Jefferson aliliandika neno ambalo yeye mwenyewe hakuliishi, na likishaandikwa, wengine waliweza kulishika na kumdai.

Kuna waliolidai siku zile zile kwa miguu. Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi yeyote atakayekuja kupigana upande wa mfalme atakuwa huru. Hakufanya hivyo kwa huruma, alitaka askari. Maelfu walitoroka hata hivyo, na maelfu wengine Weusi wakapigana upande wa Washington. Mmoja wa waliotoroka alikuwa Harry, aliyezaliwa Afrika Magharibi, mtumwa katika shamba la George Washington mwenyewe pale Mount Vernon. Vita vilipokwisha alikuwa kati ya watu wapatao 3,000 waliopelekwa na Waingereza kutoka New York hadi Nova Scotia huko Kanada. Kule baridi na ubaguzi vikawachosha, na mwaka 1792 yeye na wenzake zaidi ya elfu moja wakavuka bahari tena, wakaanzisha mji wa Freetown, Sierra Leone. Kampuni iliyotawala pale ikawatoza kodi ya ardhi waliyoiona si ya haki. Mwaka 1800 wakaasi, na Harry Washington alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa kufukuzwa mjini. Basi George Washington akaitwa baba wa taifa kwa kuasi, na Harry Washington akafukuzwa kwa kuasi. Sijawahi kuulizwa habari za huyu wa pili katika mtihani wowote.

Vita vyenyewe nitavipitia mbio. Washington alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, lakini alijua kutoroka jeshi lake likiwa zima. Usiku wa Krismasi 1776 alivuka mto Delaware wenye vipande vya barafu na kuwashambulia asubuhi yake askari wa Kijerumani waliokodishwa na Uingereza pale Trenton. Majira ya baridi ya 1777 hadi 1778, pale Valley Forge, watu wapatao 2,000 wa jeshi lake walikufa kwa maradhi bila vita yoyote. Kilichogeuza mambo ni ushindi wa Saratoga, Oktoba 1777, kwa kuwa Ufaransa, iliyokuwa na kinyongo cha 1763, iliona sasa inaweza kulipiza. Mapema 1778 ikatia sahihi mkataba na Wamarekani, ikaleta pesa, askari na meli. Bila meli za Kifaransa kuziba njia ya baharini, Jenerali Cornwallis asingenaswa Yorktown, ambako alisalimu amri tarehe 19 Oktoba 1781 na askari zaidi ya 7,000. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris tarehe 3 Septemba 1783. Mfalme wa Ufaransa aliyelipia uhuru wa watu wengine alibaki na madeni, na miaka michache baadaye raia wake mwenyewe wakamgeuka.

SERIKALI ILIYOKATAA KUSIMAMA

Wengi hukomea hapo, bendera ikishapanda. Mimi naona utamu unaanza hapa. Nchi ilikuwa huru, lakini serikali ilikuwa kama kuku aliyekatwa kichwa. Kwa kuogopa mfalme mwingine, walikuwa wamejiandikia Mkataba wa Shirikisho ulioanza kazi mwaka 1781. Haukuwa na rais mtendaji. Haukuwa na mahakama za taifa. Kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja katika Kongamano. Sheria kubwa zilihitaji majimbo 9, na kuurekebisha mkataba kulihitaji yote 13. La kuchekesha zaidi, Kongamano halikuwa na uwezo wa kutoza kodi! Liliweza kuomba tu, na majimbo yakajifanya hayasikii. Fikirieni chama chetu hiki kingekuwa na mweka hazina asiyeruhusiwa kudai ada.

Askari waliopigana miaka minane walirudi nyumbani na vipande vya karatasi badala ya mshahara. Kule Massachusetts serikali ya jimbo ikapandisha kodi na kudai ilipwe kwa sarafu, ilhali wakulima hawana sarafu. Mashamba yakaanza kuuzwa mahakamani. Mwaka 1786 wakulima, wakiongozwa na watu kama Daniel Shays aliyekuwa kapteni katika vita vya uhuru, wakazifunga mahakama kwa nguvu. Januari 1787 wakajaribu kuiteka ghala ya silaha ya Springfield. Mizinga ikapigwa na wanne wakafa. Serikali ya kitaifa haikuwa na pesa za kutuma jeshi. Matajiri wa Boston ndio waliochanga kulipia askari wa jimbo. Hapo vigogo wakapata hofu. Kodi iliyozaa uhuru ilikuwa sasa inatishia kuuzika.

Kwa hiyo mwezi Mei 1787 mkutano ukaitishwa Philadelphia, katika jengo lile lile la Tangazo. Majimbo 12 yalituma wajumbe. Rhode Island ilikataa katakata. Wajumbe waliohudhuria kwa nyakati mbalimbali walikuwa 55. Washington akawa mwenyekiti. Franklin, mwenye miaka 81, alikuwa mzee kuliko wote. James Madison wa Virginia aliketi mbele akaandika kila kilichosemwa, na maandishi yake hayakuchapishwa mpaka 1840, yeye mwenyewe keshafariki. Walikubaliana kuweka siri, madirisha yakafungwa, na wakatokwa na jasho kiangazi kizima. Walitumwa kurekebisha mkataba wa zamani, lakini waliutupa na kuanza upya, jambo ambalo hakuna aliyewaruhusu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa ni nani awe na sauti. Virginia, yenye watu wengi, ilitaka wabunge wagawanywe kwa idadi ya watu. New Jersey, Delaware na majimbo mengine madogo yakasema, hapo tutamezwa wazima wazima. Siku zikapita, watu wakatishia kwenda nyumbani. Mwishowe, tarehe 16 Julai, kwa kura moja tu ya ziada, wakapitisha suluhu: Bunge liwe na nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, na katika Seneti kila jimbo, liwe kubwa au dogo, liwe na watu wawili. Msomaji wa Kenya hapaswi kupata taabu kulielewa hili. Katiba yetu ya 2010 imeipa kila kaunti kati ya 47 seneta mmoja wa kuchaguliwa, Nairobi mmoja na Lamu mmoja.

Suluhu ya pili ilikuwa chungu. Je, watumwa wahesabiwe katika idadi ya watu? Majimbo ya kusini, ambayo hayakumhesabu mtumwa kuwa mtu siku ya kumpa haki, yalitaka ahesabiwe mzima siku ya kugawa viti. Wakapatana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Wakapatana pia kwamba Bunge lisizuie uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808, na kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe. Nasi wapenzi wa lugha tuangalie jambo moja: neno "mtumwa" halimo popote katika katiba ile ya 1787. Waliandika "watu wengine wote", wakaandika "mtu anayewajibika kufanya kazi". Mwalimu wetu hutufundisha kwamba tafsida ni kupunguza ukali wa maneno kwa adabu. Hii haikuwa adabu. Walijua wanachokiandika, wakaona haya kukitaja. Neno lenyewe, utumwa, liliingia katika katiba hiyo mwaka 1865, na liliingia ili kupigwa marufuku, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Yaliyobaki wengi mnayajua: Bunge hutunga sheria, Rais huzitekeleza, Mahakama huzitafsiri, na kila mmoja ana kamba ya kumvuta mwenzake. Rais aweza kukataa mswada, lakini thuluthi mbili za kila nyumba zaweza kuupitisha juu ya kichwa chake. Rais huteua majaji, Seneti huwakubali au kuwakataa. Rais akikosa, Baraza la Wawakilishi humshtaki na Seneti humhukumu. Tarehe 17 Septemba 1787 wajumbe 39 wakatia sahihi. Watatu waliokuwapo ukumbini wakakataa, mmoja wao akiwa George Mason wa Virginia, aliyeuliza: haki za raia ziko wapi katika karatasi hii?

Swali la Mason likazunguka nchi nzima, maana katiba ilihitaji kuidhinishwa na majimbo 9. Delaware ikawa ya kwanza, Desemba 1787. New Hampshire ikawa ya 9, Juni 1788. Lakini bila Virginia na New York ingekuwa nchi yenye mashimo, na kule vita vya maneno vilikuwa vikali. Alexander Hamilton, Madison na John Jay waliandika makala 85 magazetini kuitetea. Virginia ikapitisha kwa kura 89 dhidi ya 79, New York kwa 30 dhidi ya 27. Rhode Island iliendelea kununa hadi Mei 1790, ikaingia kwa kura 34 dhidi ya 32. Wapinzani walishindwa kura lakini hawakushindwa hoja: waliahidiwa haki za raia zitaongezwa, na marekebisho 10 ya kwanza yakakamilika Desemba 1791. Uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kuandika magazeti, wa kutopekuliwa ovyo, vyote hivyo vimo kwa sababu ya watu waliosema hapana.

Washington aliapishwa New York tarehe 30 Aprili 1789. Baraza la Seneti lilibishana wiki kadhaa rais aitwe nani, Adams akitaka majina ya heshima kama ya wafalme, lakini wawakilishi wakakataa na akabaki kuwa "Bwana Rais". Sisi ambao wazazi wetu walizoea "Mtukufu Rais" tunaweza kutabasamu. Baada ya vipindi viwili, mwaka 1797, alirudi shambani kwake bila kushurutishwa. Wakati huo katiba haikumwekea kikomo. Kikomo cha vipindi viwili kiliandikwa mwaka 1951.

Nimebakiza jambo moja, nalo latugusa sisi. Januari 1960, viongozi wetu walipokwenda London kujadili katiba ya Kenya pale Lancaster House, waliandamana na mshauri wa sheria kutoka Marekani, wakili Mweusi aitwaye Thurgood Marshall. Alikuwa kitukuu cha mtumwa, na mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza Mweusi katika Mahakama ya Juu ya nchi yake. Kazi yake London ilikuwa kuandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya huru. Hofu kubwa iliyokuwa mezani siku zile ilikuwa ya wachache, hasa walowezi Wazungu, na mali na mashamba yao. Basi mtu ambaye baba ya babu yake angehesabiwa tatu kwa tano aliketi akaandika vifungu vya kuwalinda walowezi hao, mmoja mmoja, wakihesabiwa watu kamili.